MAONI YETU: Mguu Uliovunjika na Karatasi Iliyotiwa Sahihi



Mwezi uliopita tulikwenda watu wanne kumtazama ndugu yetu mmoja wa genge la njia, ambaye amelala nyumbani kwake tangu alipotoka hospitali. Tulimpelekea unga, sukari na mchango uliokusanywa stesheni. Jina lake hatulitaji, maana mwenyewe alituomba tusimwaibishe, ingawa sisi hatuoni aibu iko wapi. Alikuwa amepanda boda-boda saa kumi za usiku akienda kuingia zamu. Pikapu ikatoka katika kituo cha petroli bila dereva kutazama barabara, ikawagonga ubavuni. Mwendeshaji alichubuka tu. Ndugu yetu alivunjika mfupa wa paja.

Siku ya tatu, akiwa wodini, mwenye pikapu alikuja kumtazama. Alikuja na machungwa na soda, akaketi kando ya kitanda, akasema pole kwa upole kabisa. Kisha akatoa Sh. 30,000/- na karatasi moja iliyopigwa chapa. Ndugu yetu alikuwa amelewa dawa ya maumivu, na mkewe alikuwa dirishani kwa karani akiuliza deni limefika wapi. Akatia sahihi. Karatasi ile inasema kwamba amepokea fedha hizo kuwa malipo yote, na kwamba hatadai tena, yeye wala jamaa zake, leo wala milele. Neno "milele" limo, tumelisoma kwa macho yetu.

Mwezi wa pili chuma kilichotiwa mguuni kikalegea. Daktari akasema sharti apasuliwe tena, na gharama yake yapita ile elfu thelathini mara nyingi. Alipompigia simu mwenye pikapu alijibiwa kwamba mambo yalikwisha na karatasi ipo.

Hatumlaumu ndugu yetu. Mtu aliyevunjika, mwenye watoto nyumbani na deni la hospitali mlangoni, akiona elfu thelathini mkononi huona wokovu. Wengi wetu tulisoma shule za misheni, tukafundishwa kusoma Injili na hesabu za kugawanya, lakini hakuna aliyetufundisha kusoma karatasi ya namna ile. Ndiyo maana tumeona tuitumie nafasi hii yote kwa jambo moja, wala tusiseme habari za nyongeza ya mshahara, ambazo tutazirudia toleo lijalo.

Pikipiki zimekuwa miguu ya mfanyakazi. Wazee wa Busia husema neno lenyewe boda-boda lilianzia kwao, kwa baiskeli zilizokuwa zikivusha watu mpakani. Leo hakuna stesheni isiyo na kundi la pikipiki mlangoni, na tangu reli mpya ilipoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, stesheni zake zikiwa mbali na miji, mtu wa zamu ya alfajiri hana njia nyingine. Matatu haijaamka. Gari la kazi halipo. Basi atapanda pikipiki, na siku moja pengine ataanguka.

Akianguka, ajue kwanza kwamba abiria mara nyingi ndiye mwenye dai jepesi kuliko wote. Yeye hakushika usukani. Aliyekosa ni mwendeshaji wake au ni yule wa gari jingine, au wote wawili, na abiria aweza kuwashtaki wote wawili kwa pamoja na kuiachia mahakama ipime kosa la kila mmoja. Asikubali kuambiwa na mwenye pikipiki kwamba amdai mwenye gari, na mwenye gari naye amwambie amdai mwenye pikipiki, mpaka mwaka uishe akizungushwa kama mpira. Lakini abiria naye ana wajibu wake. Sheria ya barabarani, tangu ilipogeuzwa mwaka 2012, yataka pikipiki ibebe abiria mmoja tu, na kofia ngumu ivaliwe pamoja na koti la kumeta. Mkipanda watatu, au ukikataa kofia kwa sababu yanuka jasho la mwenzako, wakili wa bima atasema mahakamani kwamba umejiumiza mwenyewe kwa sehemu fulani, na hakimu akikubali atakata sehemu hiyo katika fidia yako. Kofia ikinuka, funika kichwa kwa kitambaa, kisha uivae.

Sasa tuseme habari za ushahidi, maana hapa ndipo tunaposhindwa. Mtu wetu akigongwa huinuliwa, hukimbizwa hospitali, na kila mtu huenda zake. Pikipiki huinuliwa pia na wenzake mwendeshaji na kuondolewa kabla polisi hawajafika. Baada ya wiki mbili hakuna ajuaye namba yake. Wewe uliye mzima ukimkuta mwenzako ameanguka, msaidie kwanza, lakini andika namba za magari yote mawili, au zipige picha kwa simu. Piga picha pia ya mahali penyewe na ya watu waliosimama, na uombe namba ya simu ya mmoja wao, mama muuza chai au mlinzi wa petroli. Hawa hawasafiri, utawakuta hapo hapo mwaka ujao.

Kisha ajali iandikishwe kituo cha polisi, nawe upewe namba ya kitabu cha OB. Majeruhi akiwa hospitali, ndugu yake aweza kwenda kuandikisha. Baadaye iombwe abstrakti ya polisi, ambayo ndiyo karatasi yenye namba za magari, majina ya madereva, jina la kampuni ya bima na namba ya cheti cha bima. Pasipo abstrakti wakili hana pa kushika. Tena ichukuliwe karatasi ya P3, ijazwe na daktari, kueleza ni viungo gani vilivyoumia na kwa kiasi gani. Karatasi ya P3 haiuzwi. Ukiambiwa ulipie karatasi yenyewe, uliza upewe risiti, na mara nyingi hapo mazungumzo hukoma.

Risiti nazo! Twalisema hili kwa nguvu kwa sababu tumeona watu wakipoteza fedha zao za haki. Fidia ina mafungu. Liko la maumivu na hasara ya kiungo, ambalo hakimu hulipima kwa kutazama kesi nyingine za maumivu kama hayo. Liko la mshahara utakaopotea siku zijazo ikiwa hutaweza tena kazi yako. Na liko la fedha ulizokwisha kutoa mfukoni, yaani dawa, picha za eksirei, magongo, teksi ya kwenda kliniki. Hilo la mwisho halipimwi kwa huruma. Mahakama hutaka lidaiwe kwa hesabu na lithibitishwe shilingi kwa shilingi kwa karatasi. Hata kama kila mtu chumbani anaona magongo yako, bila risiti yake hulipwi. Mke wa ndugu yetu alikuwa akiwashia jiko kwa risiti za dawa, hakuna aliyemwambia. Tafuta bahasha moja, uitundike ukutani, kila kikaratasi kiingie humo.

Halafu kuna muda. Kwa kawaida dai la kuumizwa kwa uzembe sharti lifunguliwe mahakamani kabla ya miaka 3 kwisha tangu siku ya ajali. Miaka mitatu yaonekana mingi, lakini mtu hupoteza mmoja akiwa kitandani na mwingine akifuata ahadi za simu. Na ikiwa aliyekugonga ni gari la Serikali, sheria yataka kesi ifunguliwe ndani ya miezi 12 tu, na baadhi ya mashirika ya umma yana sheria zao zenye muda mfupi kama huo. Basi ukigongwa na gari la namna hiyo usingoje kupona. Tena kampuni ya bima ya aliyekugonga sharti ipewe taarifa ya kesi kwa maandishi kwa wakati wake, la sivyo yaweza kukataa kulipa hukumu ingawa umeshinda. Mwulize wakili wako swali hili moja: barua ya bima imekwenda, na iko wapi nakala yake? Bora iende kabla kesi haijafunguliwa.

Twarudi kwa karatasi ile ya hospitali. Tulimwuliza wakili kama yaweza kuvunjwa. Alisema karatasi kama ile hupingwa, ikiwa aliyeitia sahihi alidanganywa au hakuwa na akili zake timamu kwa sababu ya dawa, lakini ni kazi ngumu, kwa kuwa mahakama hazipendi kuvunja mapatano ya watu wazima. Hatusemi ukatae msaada. Mtu akikuletea fedha za dawa zipokee, mshukuru, na mwandike kwamba ni msaada wa matibabu. Lakini maneno "malipo yote" na "sitadai tena" yasitiwe sahihi na mtu yeyote aliyelala kitandani, kabla daktari hajasema kwa maandishi kwamba amepona au kwamba hatapona zaidi ya hapo. Mfupa hausomi karatasi. Waweza kulegea mwezi wa pili kama huu ulivyolegea.

Sasa kuna jambo la pili, nalo lawahusu wanyapara na ofisi. Je, ukianguka na pikipiki ukiwa kazini? Sheria ya Mafao ya Kuumia Kazini ya mwaka 2007, iliyochukua mahali pa ile ya zamani, Sura 236, yampasa mwajiri kumlipa mfanyakazi aliyeumia katika kazi yake, bila kuuliza ni nani mzembe. Sheria hii ilipingwa mahakamani miaka mingi, mpaka Mahakama ya Juu ikaamua mwezi wa Desemba 2019 kwamba inasimama. Dai lake haliendi mahakamani kwanza. Huenda kwa Mkurugenzi wa usalama na afya kazini, na mwajiri sharti ampelekee taarifa ndani ya siku 7 baada ya kuambiwa. Mtu asipodai ndani ya miezi 12 aweza kupoteza haki yake. Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi ana siku 60 za kuupinga.

Hesabu yake ni hivi. Mtu akipoteza uwezo wote wa kazi kwa maisha yake, hukadiriwa mshahara wa miezi 96. Akipoteza sehemu, hupata sehemu ya hiyo. Tuseme mtu apata Sh. 24,000/- kwa mwezi, na daktari amempa ulemavu wa 20 kwa mia. Mara 96 ni Sh. 2,304,000/-, na sehemu yake ni Sh. 460,800/-. Linganisha hiyo na machungwa na elfu thelathini.

Lakini ni nani aliye kazini? Hapa watu hugombana. Mtu anayetoka nyumbani kwake kwa pikipiki aliyoikodi mwenyewe, kwa kawaida hahesabiwi kuwa kazini mpaka afike. Sheria huhesabu safari ya kwenda kazini kuwa kazi pale mwajiri anapotoa gari lake mwenyewe kwa kusudi hilo. Ndiyo maana ndugu yetu wa paja hana dai kwa mwajiri, ila kwa mwenye pikapu. Lakini twamjua mwingine, wa mwajiri mmoja ambaye hatumtaji, aliyeambiwa na nyapara usiku wa mvua, "Panda boda uende ukatazame lile geti la njia panda, gari halipo." Akaenda, akaanguka, akavunjika mkono. Ofisi ikamjibu kwamba pikipiki si gari la kazi. Twauliza, alikwenda getini kufanya nini saa saba ya usiku? Kutembea? Aliyetumwa na kazi yuko kazini, hata angepanda punda. Mambo ya sheria hukaguliwa na wenye sheria, lakini wanyapara wetu, ambao wengi wao ni wanachama wenzetu, twawaomba jambo moja dogo: ukimtuma mtu kwa pikipiki, andika katika kitabu cha zamu jina lake, saa, na kazi aliyotumwa. Mstari mmoja tu. Siku ya dai mstari huo utasimama mahali pa mashahidi kumi. Ukiona vigumu kuuandika, basi na kumtuma usimtume.

Tena, aliyetumwa na kugongwa na gari la mtu wa nje, dai lake kwa mwajiri halimzuii kumshtaki mwenye gari lile, ila yaliyokwisha lipwa hutazamwa ili asilipwe mara mbili kwa jeraha moja.

Mpaka hapa tumesema kama watu walioumizwa tu. Sasa tuseme kweli yote, maana wengine wetu ndio wenye pikipiki. Mnajua ndugu wangapi wamechukua mkopo wa ushirika wakanunua pikipiki moja au mbili, wakampa kijana aendeshe na kuleta hesabu kila jioni. Si jambo baya, mshahara hautoshi. Lakini mmiliki hushtakiwa pamoja na mwendeshaji wake, kwa kuwa kijana yule anafanya kazi yako. Na wako wanaotafuta bima ya bei nafuu, wakaandika katika fomu kwamba pikipiki ni ya matumizi ya nyumbani, kumbe inabeba abiria kutwa. Siku ya ajali kampuni itasema haikukubali kubeba abiria wa nauli, na deni litakurudia wewe. Utauza ng'ombe kwa sababu ya shilingi chache ulizookoa kwenye fomu. Hata bima iliyo sahihi ina mpaka wake: sheria ya bima ya mtu wa tatu, Sura 405, imeweka Sh. 3,000,000/- kwa dai la mtu mmoja, na hukumu ikizidi hapo, iliyozidi ni yako.

Wako na waliouza pikipiki zao wakapokea fedha chini ya mti, wakapeana mikono, bila kubadilisha jina katika daftari la Serikali. Sheria humdhania mwenye jina katika daftari kuwa ndiye mmiliki, mpaka ithibitishwe vingine. Katika tawi letu kuna mwanachama aliyepokea samansi kwa pikipiki aliyoiuza zamani, na hata hakumbuki uso wa aliyeinunua. Ukiuza, jina ligeuzwe siku hiyo hiyo, na karatasi ya mauzo uiweke.

Mwisho twasema juu ya watu wanaozunguka wodini na mafaili. Hao si mawakili. Ni wachuuzi wa majeruhi. Huja na kalamu, humwambia mgonjwa atie sahihi ili "wamsaidie", na jina lake hupelekwa kwa wakili ambaye hajawahi kumwona. Sheria ya Mawakili imekataza kuwinda wateja namna hiyo, tena hailitambui patano la wakili kulipwa ikiwa tu kesi imeshinda. Twajua habari za mtu aliyesikia kwa jirani kwamba kesi yake ilikwisha na fedha zililipwa, naye alikuwa angali akitembelea magongo akiingojea tarehe. Mwenye dai asimpe mtu karatasi zake za asili, ampe nakala. Amwone wakili uso kwa uso, katika ofisi yenye jina mlangoni. Na wakili akizishika fedha za mteja, kuna Tume ya Malalamiko juu ya Mawakili, iliyowekwa tangu 1989 kwa kazi hiyo hiyo. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aulize habari za msaada wa sheria wa Serikali, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2016. Mwaka huo huo ilitungwa pia sheria ya Mahakama ya Madai Madogo, ya madai yasiyozidi Sh. 1,000,000/-, nayo imetaja madai ya kuumia mwilini na kutaka kesi imalizwe ndani ya siku 60. Kwa mfupa uliounga vizuri pengine yatosha. Kwa paja lililopasuliwa mara mbili haitoshi, basi shauri liombwe kwanza.

Halmashauri ya tawi imekubali mambo mawili. Kuanzia mwezi huu patakuwa na daftari la ajali katika ofisi ya chama, ambamo katibu ataandika jina la kila mwanachama aliyeumia barabarani au kazini, siku ya ajali, na siku ambayo muda wake wa kudai utakwisha. Na mwanachama mmoja kila wiki atapita hospitali, ili mtu wetu aliyelala asipelekewe karatasi na wageni kabla hajaonana na wenziwe. Wanaojitolea kwa zamu hiyo waandikishe majina. Mpaka tunapoandika haya wamejiandikisha watatu, na mmoja wao ni mzee aliyebakiza miezi minne astaafu. Vijana mko wapi?

Ndugu yetu wa genge la njia amekubali kesi yake ipelekwe kwa wakili, pamoja na ile karatasi, pamoja na cheti cha hospitali kinachoonyesha ni dawa gani alizopewa siku alipoitia sahihi na saa ngapi. Ajali yake ni ya miezi mitano iliyopita, kwa hiyo muda ungalipo. Tumeambiwa kwamba alfajiri ile wanachama wawili wa zamu ya usiku walikuwa wakirudi nyumbani kwa miguu, nao waliiona pikapu ikitoka petroli. Twawaomba wamwone katibu kabla ya siku ya mshahara. Mchango wao wa fedha tumekwisha kuupokea. Sasa waje kuandikisha waliyoyaona.